Wanakemia Wanapokutana, Mchuma Chai Anapata Nini?

Nilifundisha kemia Soin, huku chini ya Kericho nchini Kenya, kwenye joto na miwa, na kila nilipofika kwenye somo la uoksidishaji niliuacha msumari wenye kutu wa kitabuni nikashika jani la chai. Wanafunzi wangu wengi wana shangazi na wajomba kule juu, pande za Kapsoit na Litein, wanaoamka alfajiri kuchuma majani mawili na chipukizi. Wanajua kilo zinazopimwa kituoni, na wanajua bonasi imetoka ngapi. Jambo walilokuwa hawalijui ni kwamba jani lile limejadiliwa na wanakemia kwa miongo mingi, na majadiliano hayo yanagusa thamani yake sokoni.

Desturi ya wanakemia kukutana kimataifa ilianza Septemba 1860, mjini Karlsruhe, Ujerumani. August Kekulé na wenzake waliwaita wakaja watu wapatao 140, wakakaa siku tatu. Shida ilikuwa moja: kila mtu alikuwa na uzito wake wa atomi, na hata maji hayakuandikwa kwa fomula moja kila mahali. Mkutano uliisha bila mwafaka. Lakini kabla watu hawajatawanyika waligawiwa kijitabu cha Mwitalia Stanislao Cannizzaro kilichoonyesha njia ya kupima uzito huo, na Mrusi mmoja wa miaka 26, Dmitri Mendeleev, alikuwa ukumbini. Mwaka 1869, akitumia uzito wa namna hiyo, alitoa jedwali lake la elementi, lile ambalo watoto wa Soin wanalikariri hadi leo. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mkutano wa wanasayansi: kutafuta kipimo cha pamoja. Hotuba na picha za pamoja zinakuja baadaye.

Kericho nayo ilihitaji kipimo kama hicho kwa ubora wa chai yake. Utafiti wa chai ulianzishwa hapa na kampuni ya Brooke Bond mwaka 1949, na mwaka 1951 ikazaliwa Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki, pale Timbilil, kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kazi hiyo ya pamoja nayo ilikatika, na mwaka 1980 Kenya ikaunda wakfu wake wa utafiti wa chai. Baadaye kazi hiyo iliwekwa chini ya KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo.

Katika miongo hiyo kemia ya chai ilikuwa inasonga mbele kwingine. Katika miaka ya 1950 mtafiti E. A. H. Roberts alieleza rangi ya chai nyeusi inatoka wapi. Jani linapokatwakatwa mashineni, kimeng'enya kilichomo kinakutana na hewa na katekini, kemikali za asili za jani hilo, na humo zinazaliwa theaflavini, ambazo ndizo zinazong'arisha chai kikombeni na kuipa ule ukali mzuri unaoshika ulimi. Mwaka 1972 Hilton na Ellis, waliokuwa wakichunguza chai ya Afrika ya Kati, wakatangaza jambo kubwa: theaflavini zikiwa nyingi, waonja chai huipa bei ya juu. Wenye viwanda walifurahi. Hatimaye ubora ungeweza kupimwa maabarani, bila kutegemea ulimi wa mtu mmoja peke yake.

Profesa Philip Okinda Owuor, aliyekuwa Timbilil kabla ya kufundisha Chuo Kikuu cha Maseno, alilijaribu dai hilo na wenzake kwa chai ya Kenya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 yalionyesha kwamba hapa kwetu uhusiano huo ni dhaifu. Kipimo kilichofaa Afrika ya Kati hakikutosha Kericho. Hawakukitupa. Walizitenganisha theaflavini nne kuu na kuzipima moja moja, kwa sababu hazina ukali sawa ulimini, na wakatafuta hesabu inayoipa kila moja uzito wake. Nawaheshimu sana kwa hilo. Walipokea elimu ya wengine kwa adabu, wakaipima kwa jani la shambani kwao, wakarudisha jibu kwa ulimwengu.

Jibu la namna hiyo lahitaji mahali pa kulisemea mbele ya watu watakaolipinga. Wanakemia wa kanda yetu waliliona hilo mapema. Mwaka 1984 walianzisha NAPRECA, mtandao wa utafiti wa kemikali za asili kwa Afrika ya Mashariki na ya Kati, na mwaka 1987 UNESCO ikaukubali kama mtandao wake. Waliouongoza ni watu kama Ermias Dagne wa Addis Ababa, Mayunga Nkunya wa Dar es Salaam na Jacob Midiwo wa Nairobi. Makongamano yake yanahama kutoka mji hadi mji. La 11 lilifanyika Antananarivo mwaka 2005. Humo kijana aliyechuja magome ya mti wa dawa kwa miaka kadhaa, katika maabara yenye vifaa vichache, anakutana na mtu mwenye mashine ya kumsomea molekuli yake. Mtandao huo pia umesaidia kupata ufadhili wa masomo ya juu kupitia DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo. Naona faida hii inazidi ile ya makabrasha yote.

Chai nayo ina mikutano yake. Wajapani waliwaalika wanasayansi wa chai Shizuoka mwaka 1991, na mkutano mwingine wa kimataifa wa utamaduni na sayansi ya chai ukafanyika hukohuko mwaka 2001, 2004, 2007 na 2010. Shizuoka ni mkoa wa wakulima wa chai, kama Kericho. Wanakemia wa kahawa, wanaokutana tangu 1963, walifika Nairobi mwaka 1997.

Sisi nasi tuna cha kuwakaribishia wageni: tuna Timbilil. Tuna chai ya zambarau, TRFK 306/1, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 baada ya utafiti wa takriban miaka 25, yenye anthosiyanini, rangi za asili ambazo chai ya kawaida haina kwa wingi huo. Tuna Chuo Kikuu cha Kabianga, karibu na mashamba ya chai. Nawaomba wanaopanga makongamano ya kemia ya Afrika Mashariki walete moja Kericho, siku moja iwe ya wachumaji wenyewe, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili na Kikipsigis.