Kinyonga anayekula vitamini

Poleni kwa ukimya wangu, zamu za usiku zilinibana. Tangu niwaonyeshe picha ya kinyonga wa jirani yangu hapa Stratford, simu haipoi. Shangazi anasema kukaa jengo moja na lumbwi ni mkosi. Wadogo zangu wao wanacheka tu: yaani kinyonga ana taa yake, na nyenje anaokula wanapakwa kwanza unga wa vitamini na chokaa ya mifupa? Chekeni, lakini taa hiyo na unga huo vilianzia kwa watoto wa watu.

London iliujua ugonjwa wa matege zamani sana. Daktari Francis Glisson aliuandikia kitabu kizima mwaka 1650. Karne ya 19 mambo yakazidi. Sheria ya 1844 ilibana viwanda vyenye uvundo ndani ya jiji, vingi vikavuka mto Lea na kuja huku kwetu, palipokuwa na karakana kubwa ya treni pia. Moshi juu, vichochoro chini, jua litapita wapi? Mwaka 1890 daktari Theobald Palm, aliyewahi kufanya kazi Japani, aliandika kwamba kinachowakosa watoto hawa ni jua. Wachache walimsikiliza.

Simba nao yaliwapata. Mwishoni mwa miaka ya 1880, watoto wa simba wa London Zoo walipinda miguu kwa kulishwa nyama tupu ya farasi. Daktari John Bland-Sutton akaagiza waongezewe mifupa iliyosagwa na mafuta ya ini la samaki, wakapona. Kwa nini walipona, hakuna aliyejua!

Jibu lilikuja vipande vipande. Mwaka 1919 Edward Mellanby alionyesha, hapa hapa London, kwamba mafuta ya samaki yanazuia matege kwa mbwa. Mwaka huo huo Kurt Huldschinsky wa Berlin akawatibu watoto kwa taa tu, bila mafuta. Dawa mbili tofauti, ugonjwa mmoja. Mwaka 1922 McCollum wa Marekani akaipa dawa ya kwenye mafuta jina: vitamini D. Baadaye ikajulikana kwamba ngozi nayo huitengeneza ikipigwa na miale fulani ya jua ambayo jicho letu haliioni, UVB.

Sasa turudi kwa kinyonga. Huyu ni wa pembe tatu, ndugu zake wako milima ya Kenya na kwetu Mlima Meru. Jirani alimweka dirishani apate jua, akashangaa miguu inalegea na taya linakuwa laini. Kioo cha kawaida kinapitisha mwanga na joto, lakini UVB karibu yote inabaki nje! Bila vitamini D chakula hakimpi madini ya mifupa, basi mwili unayachota kwenye mifupa yenyewe. Ndiyo maana ya taa.

Kilichonifurahisha zaidi ni utafiti wa Karsten na wenzake, uliotoka 2009, juu ya vinyonga wa Madagaska. Waliolishwa vitamini kidogo walijianika zaidi kwenye miale, walioshiba walijiepusha. Mnyama anajipimia dozi mwenyewe, jamani! Sisi wenye shahada tunasubiri majibu ya damu.

Maana sisi watu weusi huku ni kama yeye tu. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la Uingereza halina nguvu ya kutosha, na ngozi yetu inahitaji jua zaidi ya ngozi nyeupe. Tangu 2016 serikali inashauri mikrogramu 10 kwa siku, na sisi weusi tufikirie kumeza mwaka mzima.

Dada, wewe unakuja Novemba na mtoto, hii ni yako. Usimlaze dirishani ukidhani anaota jua. Kuna matone ya watoto, na kama ananyonya anayahitaji kila siku; tutamwuliza nesi wa watoto kipimo. Wala usimwongezee ili anenepe haraka, vitamini D ikizidi inaharibu figo. Na shangazi, kinyonga haingii kwangu, anakaa ghorofa ya juu.