Wiki Sita Hazitoshi: Testosteroni, Seli Shina na Kumbukumbu ya Misuli

Kila inapojadiliwa adhabu ya wanariadha waliotumia dawa za kusisimua misuli, husikika hoja kwamba dawa ikishatoka mwilini, faida yake nayo imekwisha. Utafiti maarufu wa Sydney ni rahisi kuutumia kuitetea hoja hiyo. Naupinga utetezi huo, ingawa utafiti wenyewe nauheshimu.

Wataalamu wa Taasisi ya Garvan ya Sydney, wakiwamo Udo Meinhardt na Ken Ho, walifanya kazi na wapenda michezo 96, wanaume 63 na wanawake 33. Kwa wiki 8 baadhi walidungwa homoni ya ukuaji na wengine dawa isiyo na kitu. Wanaume wengine walipewa testosteroni, peke yake au pamoja na homoni hiyo. Matokeo yalichapishwa 2010. Uwezo wa kutimka, uliopimwa kwa baiskeli ya maabara, ulipanda kwa asilimia 3.9 kwa homoni ya ukuaji, na kwa asilimia 8.3 kwa wanaume waliochanganyiwa zote mbili. Nguvu za misuli hazikuongezeka. Homoni ya ukuaji iliongeza uzito usio wa mafuta, lakini kwa kujaza maji nje ya seli. Wiki 6 baada ya dawa kusitishwa, nyongeza ile ya uwezo wa kutimka haikuwapo tena.

Lakini kilichopimwa wakati huo ni utendaji, si kilichobaki ndani ya msuli. Seli shina za misuli, alizozieleza Alexander Mauro mwaka 1961, hukaa kimya ubavuni mwa uzi wa msuli. Msuli ukijeruhiwa, seli hizo huamka, hugawanyika, kisha huungana na uzi na kuuachia viini vipya. Testosteroni huziongeza: wanaume waliodungwa miligramu 300 au 600 kila wiki, kwa wiki 20, walikutwa na seli hizo nyingi zaidi. Baiskeli haihesabu viini.

Waliohesabu ni watafiti wa Oslo, mwaka 2013. Panya walipewa testosteroni kwa muda mfupi, kisha wakaachwa miezi 3. Misuli ilirudi ukubwa wake wa awali. Viini vilibaki vingi. Ilipolazimishwa kufanya kazi kwa siku 6 tu, nyuzi zake zilinenepa kwa asilimia 30 hivi, huku za panya wasiopewa dawa zikiongezeka kidogo mno. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya misuli.

Nitaambiwa panya si binadamu, na kwamba wapo wanaodai viini hupotea msuli unaponyong'onyea. Ni kweli ubishi huo upo. Hata hivyo, mwenye kudai kwamba faida imefutika ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na kipimo cha wiki 6 hakimtoshi.

Kwa hiyo mamlaka za michezo, ikiwamo ya Kenya yenye sheria yake tangu 2016, zisizitie homoni hizi mbili katika kapu moja. Kwa testosteroni, adhabu ya kawaida ya miaka 4 huenda ni fupi. Zigharimie uchunguzi wa sampuli za misuli ya wanariadha walioacha dawa miaka mingi, na viini vihesabiwe kabla muda wa adhabu haujapangwa upya.