Mzani, Mbegu na Programu: Historia ya Sharti la Ukiritimba

Ukiritimba haukai katika bei peke yake. Hukaa pia katika sharti: ukitaka hiki, lazima uchukue na kile. Wakulima wa pamba wa Musoma na Bunda walilijua sharti hilo kabla kompyuta hazijafika Mara, na ni wajibu wa kila kada kulielewa.

Enzi za ukoloni, mkulima wa Jimbo la Ziwa alilima pamba, lakini mnunuzi ndiye aliyeshika mzani. Kuuza kwake kulikuwa pia kukubali kipimo chake. Wakulima walidai kwanza upimaji usio wa mnunuzi, kisha wakajiunga kununua pamba wenyewe. Chini ya uongozi wa Paul Bomani, mzaliwa wa Ikizu, jitihada hizo zilizaa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955.

Lakini chombo kuwa cha umma si kinga tosha. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na pamba ikabaki kwa Mamlaka ya Pamba. Mkulima aliyecheleweshewa malipo hakuwa na mnunuzi mwingine. Sheria ya Ushirika ya 1982 ilifungua njia ya kurudisha vyama hivyo. Soko lilipofunguliwa mwaka 1994, wanunuzi waliongezeka, ila mikopo ya pembejeo ikayumba: nani atamkopesha mkulima ambaye atamuuzia mwingine? Kwa sababu hiyo, mwishoni mwa miaka ya 2000 Mara ilijaribu kilimo cha mkataba: mchambuaji anakopesha pembejeo, mkulima anamuuzia pamba.

Je, huo ni unyonyaji au ni huduma? Hapa historia ya nchi za kibepari inatufundisha. Mwaka 1998 Serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft, pamoja na mengine, kwa kuifunga programu yake ya kuperuzi intaneti ndani ya Windows. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ilithibitisha kwamba kampuni ililinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Lakini kuhusu kufunga programu pamoja, ilisema faida na madhara yapimwe kwanza. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru itoe Windows isiyo na programu yake ya muziki na video. Kampuni ilitii, ikaiuza kwa bei ileile. Wanunuzi wakawa wachache mno. Vitu vilitenganishwa kwenye karatasi, lakini bei haikutenganishwa.

Sheria yetu ya Ushindani ya 2003 nayo haikatazi ukubwa. Inakataza kuutumia vibaya ukubwa huo. Kwa hiyo kada anayekaa na wakulima wa Bunda au Butiama asilaani kila mkataba, wala asishangilie kila mkopo. Aulize mambo matatu. Je, bei ya mbegu, ya dawa na ya pamba zimeandikwa mbalimbali? Je, mkulima anaweza kukataa dawa asiyoihitaji bila kunyimwa mbegu? Je, akimaliza deni, yuko huru kumuuzia amtakaye?

Jibu likiwa hapana, mzani umerudi mikononi mwa mnunuzi, hata kama safari hii umeandikwa katika mkataba. Na dawa yake ni ileile ya 1955: wakulima wajadiliane naye wakiwa chama, si mmoja mmoja.