Mapapa wa Bacon walivyopiga mayowe Birmingham

Ukumbi wa Town Hall wa Birmingham umezoea muziki wa dini. Ndani ya jengo hilo lenye nguzo kama za hekalu la Warumi, lililofunguliwa mwaka 1834, Felix Mendelssohn aliongoza onyesho la kwanza la utungo wake Elijah mwaka 1846. Mwaka 1900 ikasikika kwa mara ya kwanza The Dream of Gerontius ya Edward Elgar. Lakini tarehe 5 Oktoba 1989 waliohudhuria walipigiwa muziki wa viongozi wa dini wa namna nyingine kabisa: Mapapa walioachama vinywa na kupiga mayowe.

Kazi hiyo inaitwa Three Screaming Popes. Mtunzi wake, Mark-Anthony Turnage, alikuwa na umri wa miaka 29. Iliagizwa na City of Birmingham Symphony Orchestra, okestra ya jiji hilo iliyoanza mwaka 1920, na aliyeiongoza usiku huo ni Simon Rattle.

Kazi hiyo imetokana na picha za mchoraji Francis Bacon, lakini asili ya mayowe hayo ni ndefu zaidi. Mnamo 1650, huko Roma, Mhispania Diego Velázquez alimchora Papa Inosenti wa Kumi akiwa kitini, joho jekundu mabegani, macho makali, karatasi mkononi. Miaka 300 baadaye Bacon akaichukua picha hiyo na kuivuruga. Katika toleo lake la mwaka 1953, joho limekuwa la zambarau, mikono imeng'ang'ania kiti, na michirizi ya rangi inashuka mbele ya uso kama pazia. Katikati kuna kinywa wazi, chenye meno. Ukelele huo Bacon aliutoa kwenye sinema ya Kirusi ya 1925, Battleship Potemkin, kwa mwanamke mwenye miwani iliyovunjika, uso ukimtoka damu.

Hapo ndipo Turnage alipoonyesha ujanja wake. Hakujaribu kuchora joho wala kiti kwa sauti. Alikusudia kuchukua ngoma za Kihispania na kuzivuruga, kama Bacon alivyomvuruga Mhispania Velázquez. Alichoazima, basi, ni namna mchoraji alivyofanya kazi. Kilichotoka ni muziki mkali wenye harufu ya jazi, unaopasuka, unaotulia kidogo, kisha unapasuka tena.

Jambo la ajabu ni kwamba Bacon mwenyewe alitumia nakala zilizochapishwa tu. Alipokuwa Roma mwaka 1954 hakwenda kuiona picha halisi ya Velázquez.

Hakuwa peke yake katika kutegemea nakala. Elgar, alipokuwa akitunga The Apostles, iliyoimbwa kwa mara ya kwanza Birmingham mwaka 1903, alikuwa na nakala ya picha ya Mrusi Ivan Kramskoi ya mwaka 1872: Kristo ameketi jangwani juu ya mawe, viganja vimefumbatana, ameinamisha kichwa. Elgar alisema huyo ndiye Kristo mpweke aliyejitahidi kumweka katika muziki wake. Sergei Rachmaninoff naye alitunga The Isle of the Dead, ya mwaka 1909, baada ya kuona nakala isiyo na rangi ya picha ya Arnold Böcklin. Modest Mussorgsky alibahatika zaidi: mwaka 1874 alizitazama kwa macho yake kazi za rafiki yake Viktor Hartmann, aliyefariki mwaka uliotangulia, akatunga Pictures at an Exhibition. Nyingi kati ya picha hizo zimepotea, muziki umebaki.

Mwaka 1991 okestra ya Birmingham ilihamia Symphony Hall, ukumbi mpya usio mbali na ule wa zamani, na Turnage aliendelea kuitungia hadi 1993. Three Screaming Popes imerekodiwa na Rattle pamoja na okestra hiyo hiyo, nayo ina dakika 16 hivi. Anayetaka kuijua aisikilize kwanza bila picha mbele yake, ndipo amtafute Bacon, na Velázquez mwisho.