Sanduku la Santuri

Jarida hili la maadhimisho litaeleza mengi juu ya ujenzi wa hekalu letu. Sisi tumependa kuzungumzia sanduku moja la mbao. Wazee wetu walikuja nalo Shangani kutoka Mikindani, bandari ya Mtwara ilipojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili, pamoja na gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono.

Ndani yake nyimbo za bhajan za Kigujarati zilikaa ubavu kwa ubavu na sauti ya Siti binti Saad. Siti naye alirekodiwa Bombay, mwaka 1928, na kampuni ya His Master's Voice. Aliimba Kiswahili katika mji ambako baadhi ya jamaa zetu walipandia meli. Jirani aliyekuja dukani kununua sukari alizisikiliza zote barazani.

Santuri za zama hizo zilitengenezwa kwa lakri, yaani ulimbo wa wadudu wadogo wa mitini huko India, uliochanganywa na unga wa mawe. Zilizunguka mara 78 hivi kwa dakika, na upande mmoja ulichukua takriban dakika tatu. Sindano ya chuma ilizila kila ilipopita, hivyo wazee waliibadili kila upande. Sisi watoto tuliona ni israfu.

Hatuna budi kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita, tukijiandaa kwa Diwali, tulilifungua sanduku tukakuta ukungu umezitanda santuri, kama unavyotanda kila kitu katika pwani hii. Kwa nia njema tukazifuta kwa spiriti. Kumbe spiriti huyeyusha lakri. Nne ziliharibika kabla hatujatambua, na mojawapo ilikuwa bhajan ambayo bibi yetu aliifuatisha kila alfajiri akitia mafuta taa ya ibada. Tumeitafuta Dar es Salaam hata Jamnagar, hatukuipata. Maneno yake tunayakumbuka nusu tu.

Shaba husamehe. Kengele yetu iliyoota kutu ya kijani ilisuguliwa kwa ndimu na majivu, ikarudi. Hata Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, lilichakaa, likakarabatiwa, na leo ni hoteli. Mawe na chokaa vingalipo.

Santuri zilizobaki ni 17. Tulizipangusa kwa kitambaa laini chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi, tukifuata mifereji na kuepuka karatasi ya katikati, kisha tukazisimamisha wima, kwani zikiegemezwa vibaya penye joto hupinda. Kijana mmoja wa jumuiya amezinakili kwenye kompyuta kwa sindano pana. Ile ya santuri za plastiki ni nyembamba mno kwa mifereji yake. Mikwaruzo inasikika, nasi tumeiacha.

Majirani wenye santuri au kanda za zamani, ziwe za taarabu, maulidi au harusi, wazilete hekaluni jioni yoyote kabla ya aarti. Tunawasihi wasizifute kwanza.