Uzito wa Mtungi Mwekundu

Tarehe 5 Machi 1977, katika uwanja wa Kyalami nje kidogo ya Johannesburg, gari la Renzo Zorzi, Mwitaliano wa timu ya Shadow, lilisimama kando ya njia ng'ambo ya maegesho ya mafundi. Lilikuwa likivuja petroli, na moto uliozuka ulikuwa mdogo. Wasimamizi wawili wa uwanja waliuona, wakavuka njia mbio huku mashindano yakiendelea. Wa pili wao alikuwa Frederik Jansen van Vuuren, kijana wa miaka 19, mikononi amebeba mtungi wa kuzimia moto wa karibu kilo 18.

Pale njia ilikuwa na mwinuko uliomficha anayevuka. Tom Pryce wa Wales, mwenzake Zorzi katika timu hiyohiyo, alitokea kwa mwendo wa kama kilomita 270 kwa saa. Jansen van Vuuren alikufa papo hapo. Mtungi ulimpiga Pryce kichwani na kumuua akiwa bado ameshika usukani. Gari lake likaendelea kuteremka bila wa kuliongoza hadi kwenye kona ya Crowthorne. Zorzi alikuwa ameshatoka mzima.

Katika mbio za magari, kizimamoto kimepita njia mbili za historia. Moja ni ya kilichomo ndani ya mtungi. Nyingine, isiyosimuliwa sana, ni ya mtungi wenyewe: uzito wake, mahali pake, na kinachoushikilia.

Mwanzoni mtungi ulikuwa mdogo. Katika miaka ya 1910 kampuni ya Pyrene ya Marekani iliuza pampu ya mkono ya shaba nyeupe iliyotosha kufungwa ndani ya gari. Ilijazwa kabonitetrakloridi, kimiminika kilichogeuka mvuke mzito na kuufunika moto. Ilipendwa na wenye magari kwa sababu haikuganda kwenye baridi wala haikuhitaji nafasi. Ubaya wake ulikuwa hewani: kikipata joto kali, kimiminika hicho hutoa fosijini, gesi ileile iliyotumiwa kuulia askari katika Vita Kuu ya Kwanza.

Kwenye viwanja vya mbio, kwa miaka mingi tegemeo lilikuwa mtu wa kando ya njia. Misiba ndiyo iliyobadilisha mambo. Ndani ya wiki moja ya Mei 1964, dereva Fireball Roberts aliungua vibaya huko Charlotte, Marekani, naye akafariki Julai, huku madereva Eddie Sachs na Dave MacDonald wakifa kwenye moto mmoja huko Indianapolis. Wamarekani walishughulikia mafuta kwanza. Matangi ya mpira yasiyopasuka kirahisi yakaanza kutumika, na Indianapolis ikaiacha petroli na kuchukua methanoli, ambayo moto wake huzimika hata kwa maji.

Ulaya ilijifunza kwa gharama yake. Tarehe 24 Oktoba 1971, huko Brands Hatch, Uingereza, gari la BRM la Mswisi Jo Siffert lilipinduka na kuwaka. Mgongano wenyewe haukutosha kumuua. Aliuawa na moshi, huku mitungi ya kwanza iliyofikishwa hapo ikigoma kufanya kazi. Baada ya uchunguzi, magari ya Formula One yakalazimika kubeba mitungi yao wenyewe, na madereva wakapewa bomba la hewa lililoingia moja kwa moja kwenye helmeti. Huko Kyalami, Zorzi alichelewa kutoka kwa sababu alihangaika kulichomoa bomba hilo.

Hata hivyo mtungi wa ndani ulikuwa na mpaka wake. Tarehe 29 Julai 1973, huko Zandvoort, Uholanzi, gari la Roger Williamson lilipinduka juu chini na kushika moto, naye akiwa hai ndani. Dereva mwenzake David Purley alisimamisha gari lake, akavuka njia, akajaribu kulipindua gari kwa mikono. Aliposhindwa alinyang'anya mtungi wa msimamizi mmoja na kuumaliza wote. Wasimamizi hawakuwa na nguo za kuhimili moto, mashindano hayakusimamishwa, na gari la zimamoto lilifika Williamson akiwa ameshakufa. Uingereza ilimtunuku Purley Medali ya George.

Dawa za mitungi nazo zilibadilika. Miaka hiyo iliyotawala ni haloni, gesi inayokatiza mwako wenyewe bila kuacha uchafu kwenye injini. Ikaja kugundulika kwamba inaharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaibana, na nchi zilizoendelea zikaacha kuizalisha mwanzoni mwa 1994. Nafasi yake ikachukuliwa zaidi na povu la AFFF, ambalo sasa nalo linawekewa vikwazo kwa sababu ya kemikali za PFAS zisizooza. Unga mkavu ni wa bei nafuu na una nguvu, lakini ukipulizwa ndani ya gari lililofungwa humziba dereva macho na pumzi.

Kuhusu ufungaji, kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, zinasomeka kama orodha ya ajali zilizokwisha kutokea. Mtungi wa mkono wa gari la rali huwa na angalau lita 2.4 za povu au kilo 2 za unga. Kishikio chake lazima kihimili mshtuko wa mara 25 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kwa hesabu nyepesi, mtungi wa kilo 4 wakati huo huvuta kama mzigo wa kilo 100. Mikanda lazima iwe ya chuma, isipungue miwili, na ifunguke kwa mkono mara moja. Lakini mtungi ni laini na wa duara. Mkanda huubana ubavuni tu, na gari likigonga kwa mbele, mtungi uliolazwa kuelekea mbele unaweza kuchomoka kama risasi kwenye mtutu. Ndiyo maana kanuni zinadai pia vizuizi vidogo vya chuma vya kuukinga usiteleze nje ya mikanda yake. Tarehe ya ukaguzi huandikwa juu ya mtungi, na miaka miwili haipiti bila kukaguliwa.

Mfumo uliofungwa moja kwa moja kwenye gari huwa na swichi ya ndani kwa dereva na ya nje kwa waokoaji, na ya nje huonyeshwa kwa herufi E nyekundu ndani ya duara jeupe. Ndivyo ilivyo pia kwa magari ya Mbio za Safari yanayotimua vumbi huko Naivasha, Kenya.

Pengo limebaki kwa wasiokuwa washindani. Huko Uingereza na Ujerumani, watu wengi hulipa ada na kuingiza magari yao ya kila siku kwenye uwanja wa mbio kwa siku moja ya kujifurahisha. Hapo kanuni za FIA kwa kawaida haziwabani. Kila mwandalizi ana masharti yake. Mtungi wa dukani huja na kishikio cha plastiki na skrubu fupi, vitu vya kutundikia ukutani. Mafundi wanaojua kazi huvitupa. Huchukua bamba la chuma lenye matundu, hulikaza kwa bolti zilezile za mbele zinazoshika kiti sakafuni, kisha huulaza mtungi kwa kukingama mbele ya kiti, pini ikielekea upande wa mkono wa dereva. Halafu dereva hukaa, hufunga mikanda yote, na kunyoosha mkono. Asipoufikia mtungi, bamba linafunguliwa na kazi inaanza upya.

Tarehe 29 Novemba 2020, huko Bahrain, dereva Romain Grosjean aligonga kizuizi kwa kilomita 192 kwa saa, akatoka kwenye moto baada ya sekunde 27. Siku hiyohiyo, mashindano yakielekea ukingoni, injini ya Sergio Pérez ililipuka moto. Msimamizi mmoja alivuka njia mbio, mtungi mikononi, huku Lando Norris akimjia kwenye njia hiyohiyo. Msimamizi alifika ng'ambo salama, na mashindano yakamalizika nyuma ya gari la usalama.