Kutoka Stesheni

Matembezi yangu huanzia stesheni ya reli Shinyanga, asubuhi, jua likiwa bado lina huruma. Jumamosi ile niliongoza wenzangu wanne wa shahada ya uzamili. Mmoja, aliyekwisha kuzunguka Mji Mkongwe kule Unguja, akaniuliza mapema, "Kwani hapa kuna nini cha kutazama?"

Nikamwonyesha reli. Njia hii kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, nayo ikabeba pamba na watu. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui. Mwaka 1947 huko Mwadui ikapatikana ya waridi, karati 54.5, akatunukiwa Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Ilipochongwa zikabaki karati 23.6. Jiwe hilo lina historia iliyoandikwa vizuri kuliko mtaa wowote wa hapa.

Babu yangu alishuka stesheni hii akienda kutafuta kazi Mwadui. Alipanga chumba cha uani, nyuma ya duka lenye baraza, na hapo ndipo nilikokuwa nawapeleka. Tulikuta uzio wa mabati na kifusi. Picha ninazo, lakini zote za baraza; nguzo zilinipendeza. Chumba sikukipiga hata kimoja.

"Kilikuwa upande gani?" akauliza yule wa Unguja, safari hii kwa sauti ya chini.

Mwarobaini wa uani ulikuwa bado umesimama. Nikaanza kuhesabu hatua kutoka hapo.